Hivi bumu letu linalipwa na nani?

Haya wadau, bumu limetoka! Foleni ya chipsi mayai imerefuka tena, na waliokuwa wanawakwepa wadeni wao sasa wanatembea kifua mbele. Najua wiki kama hii hakuna anayetaka kusikia habari za kurejesha mkopo. Mi nimeichagua makusudi, maana tukiwa tumefulia huwa tunalalamika tu, hatufikiri.

Tuanze na sheria. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Waliotutangulia walikuwa wanakatwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 Bunge likabadilisha, ikawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Rais Samia aliondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongezwa kila mwaka mpaka mtu analipa na deni halisogei. Hapo nampongeza bila kinyongo. Lakini 15 ikabaki palepale.

Sasa chukua kalamu. Tuseme wewe ni mwalimu mpya, mshahara wa msingi laki saba. Asilimia 15 ni 105,000. Bado hujagusa kodi ya mapato wala mfuko wa hifadhi ya jamii, bado hujalipa chumba, na mama kule nyumbani ameshapiga simu kuuliza ada ya mdogo wako. Mwenzako mliyekaa naye dawati moja kapata kazi ya milioni nne mjini. Yeye anakatwa laki sita, anabaki na 3,400,000. Asilimia ni ileile kwa wote wawili, lakini maumivu ni tofauti kabisa. Yeye anapunguza starehe, wewe unapunguza msosi.

Australia walianza mfumo wao mwaka 1989 kwa wazo jepesi sana: mpaka kipato chako kivuke kiwango fulani, hulipi kitu. Uingereza nako mhitimu anakatwa asilimia 9, ila ni ya kile kinachozidi kiwango tu, siyo ya mshahara wote. Tukichukua wazo hilo na kusema laki tano za kwanza zisiguswe, mwalimu wetu atakatwa asilimia 15 ya laki mbili zilizobaki, yaani 30,000. Hapo mtu anapumua.

Lakini tusidanganyane. Kama mwalimu huyo anadaiwa milioni 10, kwa 105,000 anamaliza chini ya miaka minane. Kwa 30,000 ni zaidi ya miaka 27! Na marejesho hayo ndiyo sehemu ya bumu wanalopewa wanaokuja nyuma yetu. Kwa hiyo anayedai makato yapungue halafu akaishia hapo, anamnyang'anya mdogo wake wa kidato cha sita. Pengo lazima lizibwe na mtu.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile wahasibu wanaita SDL, ambayo mwajiri anailipa kutokana na jumla ya mishahara ya wafanyakazi wake. Inasaidia mafunzo ya ufundi, na sehemu yake imekuwa ikipelekwa kwenye mikopo ya elimu ya juu. Mwaka 2013 ilishushwa kutoka asilimia 6 mpaka 5. Ikaendelea kushuka, na mwaka 2023 ikatoka 4 kwenda 3.5. Sasa weka hizo namba pembeni ya zetu. Katika muongo huohuo mhitimu kapandishiwa kutoka 8 mpaka 15, mwajiri kashushiwa kutoka 6 mpaka 3.5. Nani kaamua kwamba faida ya elimu yangu ni yangu peke yangu? Kampuni inayomchukua mhasibu aliyeiva haijamsomesha hata siku moja.

Najua wenzangu wa uchumi watasema tozo ikipanda ajira zitapungua. Ni hoja nzito, siidharau. Ndiyo maana sisemi turudi kwenye 6 kesho asubuhi. Nasema nusu asilimia ikirudishwa, ifungwe kisheria kwenye kuziba pengo la wenye mishahara midogo, isimezwe na matumizi mengine. Walioajiri wengi kwa mishahara minono watatoa zaidi, na mwenye duka la wafanyakazi wanne hata haimgusi.

Kwetu sisi wa elimu kuna jambo la ziada. Ile enzi ya kumaliza chuo na kupangiwa kituo moja kwa moja ilikwisha mwaka 2015. Kuna kaka na dada zetu wana digrii na wanafundisha tuisheni barazani, au wanajitolea shuleni kwa nauli tu. Mi naona anayejitolea kwenye shule ya kijijini yenye mwalimu mmoja wa hisabati, miaka hiyo ihesabiwe kama malipo ya deni. Marekani wana kitu kinachofanana tangu 2007: ukifanya kazi ya umma huku ukilipa kwa miaka 10, deni lililobaki linafutwa. Utaratibu wao ulisumbua watu sana mwanzoni kwa makaratasi, kwa hiyo tusiukopi na kasoro zake.

Serikali ya wanafunzi ikienda tena kuonana na wakubwa, jamani, wasiende na suala la bumu kuchelewa tu. Wabebe na hili la 8 na 15, 6 na 3.5. Mimi ngoja nikatafute desa la saikolojia ya elimu, testi ni Jumatatu.