Kaburi na Mahali Pake: Neno kwa Mwalimu wa Historia

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi kufundisha historia ya kale kwa majina na tarehe. Wakati mmoja, nilipokuwa nikiangalia mazoezi ya kufundisha, nilimsikiliza mwalimu-mwanafunzi aliyeandika ubaoni maneno "makaburi ya mawe", akatoa maana yake, kisha akawaamuru watoto wanakili. Walinakili kwa hati nzuri. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini watu wa kale walijitaabisha kubeba mawe makubwa kwa ajili ya wafu, alifungua daftari lake kulitafuta jibu. Halikuwamo. Nje ya dirisha vilima vilionekana waziwazi, lakini hapana aliyewaambia watoto wavitazame.

Rai yangu ni kwamba kaburi la kale halifundishiki likitengwa na mahali lilipo. Kilima lilipojengwa, maji yanayoonekana kutoka hapo, njia ipitayo karibu, na mahali mawe yalikotolewa, yote hayo ni sehemu ya kaburi lenyewe. Anayeyaacha humpa mtoto neno asimpe maana.

Tumefundishwa kwamba somo jema hutoka katika jambo linalojulikana kwenda katika lisilojulikana. Basi mwalimu atakayepangiwa shule ya Nyaishozi, au popote katika Karagwe na Kyerwa, aanze na kibanja. Kila mtoto wa huko ajua kwamba jamaa wengi huzika wafu wao katika shamba la migomba, karibu na nyumba. Aulizwe: kwa nini hapa, wala si mbali? Atajibu mwenyewe, pasipo kitabu, kwamba kaburi la babu huonyesha shamba ni la nani, na kwamba ni vigumu kuuza ardhi walimolala wazee. Mtoto aliyesema hivyo amekwisha kushika kiini cha somo: walio hai huwaweka wafu mahali maalumu kwa sababu mahali hapo pana maana kwao.

Baada ya kibanja, somo liende Bweranyange, katika wilaya iyo hiyo ya Karagwe, palipokuwa na makao ya mukama Rumanyika. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwake mwishoni mwa mwaka 1861, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika habari alizopewa za maziko ya wafalme. Kwa mujibu wa maandishi yake, mwili wa mfalme ulishonwa katika ngozi ya ng'ombe, ukawekwa siku tatu katika mtumbwi ulioelea ziwani, hatimaye ukapelekwa juu ya mlima alioutaja kwa jina la Moga-Namirinzi. Ndagara, baba yake Rumanyika, naye alilazwa katika mlima huo, ndani ya nyumba iliyojengwa juu yake. Hapa hapana kaburi la mawe. Walakini ziwa na mlima vilifanya kazi ileile ya kumtenga mfalme na watu wengine na kumweka mahali pa juu. Speke alikuwa mgeni, naye aliandika aliyosimuliwa. Kwa hiyo watoto watumwe kwa wazee kuuliza mlima huo wauitaje, na wao wasimuliaje habari hizo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria: kulinganisha ushahidi.

Sasa mtoto yu tayari kwenda mbali. Katika bonde la Ngorongoro yamo malundo ya mawe yaliyofunika makaburi ya wafugaji wa kale. Na Kenya, magharibi ya Ziwa Turkana, pana mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, ambapo wafugaji walijenga kaburi la jamii nzima miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Walitengeneza jukwaa la mawe lenye upana wa meta 30 hivi, wakachimba katikati yake, na kwa muda wa karne kadhaa wakazika humo watu wanaokisiwa kuwa si chini ya 580. Juu yake walisimamisha nguzo za mawe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 na Elizabeth Hildebrand na wenzake ulionyesha kwamba waliozikwa walikuwa wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, karibu wote wakiwa na mapambo, pasipo dalili ya wachache kutukuzwa kuliko wengine.

Kwa nini hapo? Wakati ule mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Pwani na malisho vilihama, na ufugaji wenyewe ulikuwa mgeni katika nchi hiyo. Watafiti huona kwamba, maji yalipokuwa yakihama, watu walihitaji mahali pasipohama pa kukutania na kukumbukana. Mwalimu asiyelitaja ziwa hawezi kuzieleza nguzo hizo.

Wapo watakaosema kwamba shule hazina fedha za safari, na kwamba kuzungumza makaburi ni mwiko. Kuhusu fedha, kilima cha kijiji hakidai nauli. Watoto wasimame juu yake, wajibu maswali manne: Kutoka hapa twaona nini? Maji yako wapi? Mawe haya yametoka wapi? Nani hupita njia hii? Wakirudi darasani wachore ramani. Kuhusu mwiko, hofu ya wazee ina haki yake. Mwalimu aende kwanza kwa wenye mahali na kwa serikali ya kijiji, aombe ruhusa, na akikataliwa akubali. Heshima hiyo nayo ni somo.

Jambo moja halina hiari: mtoto asichimbe, wala asiokote jiwe kulileta shuleni liwe zana ya kufundishia. Mambo ya kale yanalindwa na Sheria ya mwaka 1964. Tena jiwe likiondolewa halisemi lilikoelekea wala lilisimama karibu na nini. Ushahidi wake umepotea, na hata mtaalamu hawezi kuurudisha. Malundo mangapi yamekwisha kuwa misingi ya nyumba kwa sababu hapana mwalimu aliyewaambia watu ni nini?

Ndugu walimu-wanafunzi, mtakapokwenda kwenye mazoezi, mwapeleke watoto nje kabla ya kuandika neno ubaoni. Huenda mtoto wa leo ndiye mkulima wa kesho atakayelikuta lundo la mawe shambani mwake, na hapo ndipo itakapojulikana kama somo lako lilimfaa.