Namba D haibebi mzigo

Wafanyabiashara wenzangu, wiki hizi inbox imejaa swali moja. Mtu ameuza online mwaka mmoja au miwili, oda zimeongezeka, amechoka kumbembeleza konda wa basi la Newala ampakilie boksi, amechoka na bajaji inayokataa mzigo wa Mikindani ikifika jioni. Sasa anataka gari. Na karibu wote mnanitumia tangazo la aina moja: stesheni wagoni ya dizeli, Probox au Caldina, "namba D, injini haijafunguliwa, haidaiwi, ni kuweka mafuta na kuondoka, bei maelewano". Halafu mnauliza, hiyo bei ni halali?

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa. Tunanunua magari kwa kusoma herufi ya namba ya usajili, na ndiyo maana watu wanalipa milioni moja au mbili juu ya thamani. Gari kuukuu ya dizeli, bei yake ya haki unaipata hivi: chukua bei ya gari nzima ya aina hiyo hiyo iliyouzwa hapa Mtwara, toa gharama ya kuifanya hii unayoiangalia ibebe mzigo kesho asubuhi. Kinachobaki ndiyo bei. Herufi haimo kwenye hesabu.

Herufi inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii ilitengenezwa lini. Gari iliyotoka kiwandani Japani mwaka 2003 inaweza kuingia bandarini 2016 ikapewa namba D, wakati jirani yako ana gari ya mwaka huo huo 2003 iliyoingia mapema ina namba B. Umri mmoja, chuma kile kile. Wa namba D atakwambia "hii bado mpya nchini". Sawa, mpya nchini, lakini hiyo miaka 13 ya kabla haikulala kwenye pamba, ilikuwa inafanya kazi kwa watu huko. Kama ilitunzwa, utaiona kwenye injini. Kama haikutunzwa, herufi haitakusaidia mlimani ukipanda Newala.

Angalia kadi. Mwaka wa kutengenezwa upo, ukubwa wa injini upo, aina ya mafuta ipo. Na aina zenyewe zinajieleza ukizijua kidogo. Probox ilianza kutengenezwa 2002, pamoja na ndugu yake Succeed. Wakati huo huo Caldina ya mizigo ikastaafu. Kwa hiyo Caldina ya mizigo ya dizeli unayouziwa leo, hata ikiwa inang'aa kama sahani, ina zaidi ya miaka 20. Probox ya dizeli chesisi yake inaanza na NLP51, injini ya cc 1,364. Ikianza na NCP, hiyo ni petroli. Nimeona tangazo linasema dizeli na chesisi ni NCP. Ama dalali hajui anachouza, au anajua sana.

Kabla ya bei, swali ambalo wengi hamjiulizi: dizeli ya nini? Tufanye hesabu. Tuseme petroli inakupa kilomita 13 kwa lita na dizeli inakupa 17, na lita tuipe shilingi 3,000 kwa urahisi. (Bei kamili mnaijua, EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara tuna bei yetu tofauti na Dar.) Mtu anayepeleka mzigo Masasi kila wiki, kwenda na kurudi kama kilomita 400, dizeli inamwokolea kama lita 7. Hiyo ni elfu 21 kwa safari, milioni moja na kidogo kwa mwaka. Huyo dizeli inamlipa. Lakini wewe unayezunguka Ligula, Chuno, Shangani na Magomeni, kilomita 20 kwa siku, unaokoa lita 2 kwa wiki. Elfu 6. Laki 3 kwa mwaka. Seti moja ya nozeli ikifa imekula akiba ya miaka miwili. Wewe nunua petroli, au kirikuu, au endelea na bajaji ya mkataba, na usione aibu.

Kwa hiyo ukikubali kulipia zaidi kwa sababu ni dizeli, iwe ni kwa sababu ruti yako ni ndefu. Vinginevyo unalipia faida ya mtu mwingine.

Sasa hali ya gari. Mimi natumia Caldina ya dizeli, huu mwaka wa tatu, na fundi ninayemwamini kanifundisha mambo machache ambayo hayataki kompyuta.

Nenda asubuhi, mapema, na usimwambie muuzaji saa kamili. Fungua boneti uguse injini. Ikiwa ya moto, amekuwashia makusudi. Mwambie utarudi kesho. Dizeli iliyochoka inajificha ikiwa ya moto, ikiwa baridi inasema kweli yote. Washa swichi, subiri taa ya hita izime, halafu piga stata. Iwake mara moja au mbili. Ikilialia kama mbuzi na kutoa wingu jeupe dakika tano nzima, hapo kuna hita plagi zimekufa, au pampu, au kompresheni imeshuka, na hayo matatu bei zake hazifanani hata kidogo. Hita plagi ni ya kuvumilia. Kompresheni ni ovahoo.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mwingi ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni nozeli au hewa haiingii vizuri, hiyo inatibika. Kisha injini ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili. Ikipuliza moshi kwa nguvu kama sufuria ya maharage, ringi za pistoni zimeisha, na maneno ya "injini haijafunguliwa" yanakuwa kweli ya kuhuzunisha: haijafunguliwa, na inatakiwa ifunguliwe.

Halafu rejeta. Hizi injini za zamani za Caldina, 2C na 3C, zina ugonjwa unaojulikana, zikichemsha hedi inapasuka. Zinavumilia mengi lakini siyo kuchemsha. Fungua rejeta injini ikiwa bado baridi, uone kama maji yana mafuta mafuta au rangi ya kahawa ya maziwa. Washa, angalia kama mapovu yanapanda mfululizo. Yakipanda, usijadili bei, aga uondoke. Hedi nzuri ya injini hizo kuipata hapa Mtwara ni kazi, utaagiza Kariakoo. Kilomita zaidi ya 500, na mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilipokata barabara pale Somanga, Kilwa. Gari iliyokuwa inasubiri spea ikaendelea kusubiri, na mzigo wa wateja nao ukasubiri.

Kuna kitu ambacho ukisoma maelekezo ya watu wa Dar hawakwambii, chumvi. Sisi ni watu wa pwani. Stesheni wagoni nyingi za hapa zimebeba samaki. Maji ya samaki yana chumvi, yanapita chini ya kapeti, yanakaa kwenye shimo la tairi la spea, yanakula sakafu polepole huku juu rangi ni safi. Inua kapeti la nyuma lote. Toa tairi la spea. Gonga na ufunguo. Bati zima linalia, bati lililooza linanyamaza au linatoboka. Na pua yako uitumie, harufu ya samaki haiondoki kwa pafyumu ya gari. Ukiona vipafyumu vinne vinaning'inia kwenye kioo, jiulize vinaficha nini. Gari zilizopiga ruti za Msimbati na Kilambo, kule kwenye kivuko cha Ruvuma, pita chini yake kabisa: mchanga na mashimo yanamaliza bushi na shokapu, na wengine wamezipitisha ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Na iliyobeba magunia ya korosho utaijua kwa kuisimamisha mahali tambarare, nyuma imekaa kama imechuchumaa.

Kuhusu gari za namba za Msumbiji zinazouzwa "bei ya kutupa" kwa sababu zimevuka mto: kama ushuru wa TRA haujalipwa, hiyo siyo bei, ni malipo ya awali tu. Gari yenye zaidi ya miaka 10 ina ushuru wake wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. TRA wana kikokotoo mtandaoni, weka aina na mwaka uone mwenyewe kabla hujatoa hata elfu kumi.

Kilomita kwenye dashibodi mimi nazisoma mwisho na siziamini sana. Gari ya miaka 20 inayoonyesha kilomita 78,000 inataka maelezo. Angalia pedali ya klachi, usukani, kiti cha dereva. Mpira wa pedali ukiwa umelika mpaka chuma, hiyo 78,000 imesimuliwa.

Sasa hesabu yenyewe. Dada mmoja mteja wangu wa jumla, anauza viatu online na anapeleka Tandahimba na Newala mara mbili kwa wiki, alipata Probox ya dizeli, muuzaji anataka 7,800,000. Alikuwa na milioni 8 jumla, na humo humo ndimo ulimo mtaji wa viatu. Tukakaa na fundi. Kwanza tukatafuta bei ya gari nzima ya aina hiyo. Siyo bei za matangazo, kwa sababu tangazo ni ndoto ya muuzaji, na ukiongeza dalali na cha juu chake inakuwa ndoto ya watu wawili. Tukawauliza watu walionunua kweli, hapa na Masasi. Tukapata kama 7,200,000 kwa gari isiyo na shida.

Halafu tukatoa. Nozeli laki 6. Bushi na shokapu za mbele 350,000. Kuchomea sakafu na rangi ya chini laki 3. Matairi mawili 260,000. Betri laki 2. Jumla 1,710,000. Ukiitoa kwenye 7,200,000 inabaki 5,490,000. Akamwambia muuzaji 5,500,000, akamwonyesha na karatasi. Muuzaji akacheka, akasema "dada, hii ni namba D". Akashuka mpaka 7,000,000 akagoma hapo. Dada akaondoka, na gari ikauzwa kwa mtu mwingine siku chache baadaye.

Wapo waliomwambia amepoteza bahati. Mimi sikubali. Kwa 7,000,000 pamoja na matengenezo, angetoa 8,710,000 kwa gari ya 7,200,000, na asingebaki na hata jozi moja ya viatu ya kupakia humo ndani. Gari ya biashara isiyo na bidhaa ni mapambo ya uani. Aliendelea na basi miezi mitatu, akapata nyingine yenye namba C, bodi imechubuka mlango mmoja, injini inawaka asubuhi bila maneno, kwa 5,900,000. Mchubuko ule mpaka leo upo. Wateja wa Tandahimba hawajauliza.

Kitu kingine kinachopandisha bei hapa kwetu ni kalenda. Minada ya korosho ikianza Oktoba na pesa za wakulima zikianza kuingia, kila kinachouzwa kinapanda, bati, bodaboda, magari. Gari ile ile aliyokuwa anakubali 6,000,000 mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja atakwambia 7,000,000 na hatanii, kwa sababu kweli atampata wa kuilipa. Januari shule zikifungua na ada zikidaiwa, simu zinaanza kurudi zenyewe: "ile gari bado unaitaka?" Ukiweza kusubiri, subiri. Ukiwa na haraka kwa sababu oda za msimu ni nyingi, kodi gari kwa safari hizo za msimu, utatoka na hasara ndogo kuliko kununua kwa bei ya korosho.

Na siku ya kulipa, kabla pesa haijatoka, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia faini za trafiki, angalia na deni la maegesho la TARURA, bima ihakiki kupitia TIRA-MIS. "Haidaiwi" ya mdomoni ihakikishe kwa simu yako, mbele yake. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, au mwenye jina awepo. Deni lolote litakalotokea, pamoja na gharama za kuhamisha kadi TRA, mkubaliane nani analipa na mliandike kwenye mkataba. Kama ni wewe, toa kwenye bei hapo hapo. Dada wa viatu alikuta faini mbili za zamani kwenye ile namba C, muuzaji akazilipa akiwa amekaa kwenye benchi la duka langu, ndipo wakaenda benki.