Umeme wa Ugenini: Tusome Kibandiko Kabla ya Kuchomeka Plagi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wapenzi, watu wetu ni watu wa safari. Huyu anajitayarisha kwa Umra au Hija, yule anampeleka mzazi India kwa matibabu, na mwengine anaitwa Marekani kumlea mjukuu. Mikoba yetu siku hizi haikosi simu, pasi, birika la umeme na mashine ya kukaushia nywele. Juu ya pasipoti na viza tunaulizana sana, lakini juu ya umeme wa huko tuendako hatuulizani. Wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili, kwa kuwa kuhifadhi nafsi na mali ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia yetu.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba umeme wa nchi zote si mmoja. Hapa Kenya tunatumia volti 240, na mkondo wake hutetema mara 50 kwa sekunde, ndiyo hizo zinazoitwa hezi 50. Plagi yetu ina vyuma vitatu bapa, na ndani yake mna fyuzi. Oman, Imarati na Uingereza hutumia plagi kama yetu na umeme unaokaribiana sana na wetu. Saudia nayo hutumia plagi kama hiyo na volti 230, ila hezi zake ni 60. Tena Saudia ya zamani ilikuwa na volti 127 na 220 kwa pamoja, na majengo ya kale huenda bado yakawa na soketi za nguvu ndogo. Mwenye kushukia nyumba kongwe na aulize kwanza. India ni volti 230, lakini plagi ina vyuma vitatu vya mviringo. Uturuki ni volti 230 na vyuma viwili vya mviringo. Marekani na Kanada ndizo zilizo mbali nasi zaidi: volti 120, hezi 60, na plagi ya vyuma viwili vyembamba bapa, pengine na cha tatu cha mviringo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Adapta inayouzwa madukani hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi nguvu ya umeme. Kifaa cha kubadilisha nguvu ni transfoma, nacho ni kizito na kina kiwango chake cha wati. Kuingia plagi katika soketi si dalili kwamba umeme umekubaliana na kifaa.

Basi dalili ni ipi? Ni kibandiko kilicho juu ya chaja au chini ya kifaa. Kikiandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 na 60, kifaa hicho kinafaa karibu kila nchi, na adapta peke yake yatosha. Chaja nyingi za simu na kompyuta ziko hivyo. Lakini pasi, birika, blenda na mashine za nywele aghalabu hutengenezwa kwa nguvu ya aina moja. Birika letu la wati 2,000 likichomekwa Marekani litapata nusu ya volti zake, na nguvu yake itashuka hadi kiasi cha wati 500. Maji yatakawia mno kuchemka, na madhara yake ni kuchelewa chai.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Mashine ya nywele ya volti 120 ikichomekwa katika soketi yetu ya 240 huvuta nguvu mara nne ya kiwango chake. Waya hupata moto, plastiki huyeyuka, na pengine nyumba huungua. Haya yawahusu hasa akina mama, kwani zawadi nyingi za watoto wetu walioko Marekani na Kanada ni vifaa vya namna hii. Mwanetu, kabla hujamnunulia mama blenda huko, tazama volti zake. Zawadi ya fedha, mama akajinunulia hapahapa Mombasa, huenda ikawa bora kuliko mashine itakayomdhuru.

Tukija kwenye Hija, hatari kubwa ni msongamano. Chumba kimoja cha watu wanne au watano, soketi mbili, na ekstensheni moja iliyobebeshwa kila kitu. Ekstensheni ya ampia 13 hubeba wati 3,000 hivi. Birika na pasi zikiwashwa pamoja zishapita kiwango hicho. Tuchaji simu kwa zamu, na tusipikie chumbani wala hemani. Wazee wetu wanakumbuka Aprili 1997, moto ulipozuka Mina na mahujaji zaidi ya 300 wakafariki. Moto ule ulihusishwa na jiko la gesi, si umeme, na baada yake mahema yakatengenezwa kwa kitambaa kisichoshika moto upesi. Lakini funzo ni lilelile: uzembe wa mmoja huwafika majirani wasio na habari.

Mna jambo jengine la hotelini. Hoteli nyingi hukata umeme wa chumba mtu anapoondoka na kadi ya mlango. Mwenye kutumia insulini asiiweke katika friji ya chumbani kabla hajahakikisha kwamba friji hiyo haizimwi. Na mwenye mashine ya pumu amuulize muuzaji, kabla ya safari, kama yafaa hezi 60.

Ama pawabanki na betri za akiba, mahali pake ni mkoba wa mkononi, si sanduku linaloingizwa tumboni mwa ndege. Betri ya lithiamu ikishika moto huko chini hakuna mkono wa kuifikia. Kiwango kinachokubalika bila idhini ni wati-saa 100. Pawabanki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo haina neno. Ila baadhi ya mashirika yamekataza kuitumia ndani ya ndege, basi tuulize mapema.

Yamepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) akawafahamisha masahaba kuwa moto ni adui, wauzime wanapolala. Sisi leo moto wetu umo ndani ya waya. Kuchomoa plagi kabla ya kulala, kukausha mikono baada ya udhu kabla ya kugusa soketi, na kutochaji simu chini ya mto, yote hayo ni kutii wasia ule.

Tahadhari kabla ya athari. Anayemfungia mzazi wake mkoba wiki hii na akae naye, wasome pamoja vibandiko vya kila chaja.

Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama na awarejeshe salama. Amin.