Mashauri ya Nyumbani: Viatu vya Mama Mwenye Mguu Mkubwa

Mwezi huu twataka kunena jambo ambalo wengine watalicheka, lakini waliopatwa nalo hawalicheki hata kidogo. Ni habari ya mama au binti aliyejaliwa mguu mkubwa, naye hapati kiatu cha kumfaa.

Tulianza kuifikiri kwa ajili ya mama mmoja, mwalimu, wa huku kwetu Binza. Siku ya sikukuu alikuja kanisani na viatu vipya vyeusi, vya kupendeza machoni. Katikati ya ibada akavivua kimya kimya chini ya benchi, maana vilimbana mno. Ibada ilipokwisha miguu ilikuwa imevimba, na viatu havikuingia tena. Wenzake wakatoka kuamkiana nje. Yeye akabaki ameketi mpaka watu walipotawanyika, kisha akaenda zake pekupeku, viatu amevifunga ndani ya kanga. Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona. Tulipokwenda kumtazama alituambia, “Ndugu zangu, siumwi. Naona aibu.”

Basi twauliza: aibu hiyo ameitoa wapi? Ukubwa wa mguu si kosa la mtu, kama vile urefu wa kimo si kosa. Lakini mara nyingi wenye maduka huleta viatu vya kike hata namba 40 au 41, wala hawazidishi, wakiogopa kubaki navyo. Mwenye 42 au 43 huambiwa mbele za watu, “Mama, katazame vya wanaume.” Naye kwa kukimbia kicheko hununua 41 na kujikaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: matokeo yake ni malengelenge, sugu, kucha kuingia nyamani, na kidole gumba kupinda kuwaelekea wenzake. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asifanye mchezo kabisa, kwa kuwa mchubuko mdogo wa kiatu waweza kuwa kidonda kikubwa, asiusikie mpaka umeharibika.

Tena ijulikane kwamba mguu wa mtu mzima nao hubadilika. Mwaka 2013 huko Iowa, Marekani, wataalamu walitoa habari za wanawake waliopimwa miguu tangu mwanzo wa mimba mpaka miezi kadhaa baada ya kujifungua. Wengi wao miguu iliongezeka urefu, isirudi kama kwanza. Kwa hiyo mama aliyevaa 40 siku ya arusi yake asishangae leo kuhitaji 42, wala mumewe asimnunulie kwa kukumbuka.

Kupima ni hivi. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa kazi za mchana. Simama wima juu ya karatasi, si kuketi, mtu mwingine akuchoree mstari kuizunguka nyayo. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja humzidi mwenzake, nawe ufuate ule mkubwa. Kisha pima toka kisigino hata ncha ya kidole kirefu, ongeza sentimeta moja na nusu ya nafasi, zidisha kwa moja na nusu: utapata karibu namba ya kiatu kwa hesabu ya Ulaya. Kwa mfano, nyayo ya sentimeta 27 huwa 28.5 ikiongezwa nafasi, na ikizidishwa hupata 42.75, yaani 42 au 43. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hiyo darasani, wakawapimie mama zao nyumbani. Karatasi ile ikate, uende nayo dukani au gulioni. Ukiiweka juu ya soli nayo ikazidi ukingo, usibishane na muuzaji, ondoka.

Sasa, kiatu gani? Nchi yetu ya Simiyu, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ina udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha hunata kama ulimbo, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Kisigino kirefu chembamba huzama humo na kumwangusha mtu. Kiatu cha chini ndicho kinachotufaa. Lakini kisiwe bapa kama karatasi. Kisigino kipana cha sentimeta mbili humpumzisha mwenye kutembea mbali. Kikunje kwa mikono: kikikunjika penye vidole ni chema, kikikunjika katikati ni dhaifu. Kiwe na ukanda wa kushika mguu, usilazimike kukikamata kwa vidole.

Na uzuri je? Haukatazwi. Mguu mkubwa hupendeza katika kiatu cha rangi moja iliyokoza, chenye ncha ya mviringo mwembamba. Ncha iliyochongoka sana huurefusha, na ile pana kama jembe huufanya mzito. Kilichokatwa wazi kidogo juu ya mguu huonekana chepesi kuliko kilichofunika mpaka kifundo. Zaidi ya yote, hakuna kinachoutangaza ukubwa wa mguu kama kiatu kidogo ambacho nyama inamwagika pembeni yake.

Pa kukipata pako. Katika mitumba vimo viatu vya kike vya namba kubwa, maana vimetoka nchi ambazo namba hizo ni za kawaida. Tazama tu ndani, kisiwe kimeshika umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Hesabu ya Ulaya ni moja kwa waume na wake, hivyo ndara nzuri ya kiume isiyo na madoido si haramu kwa mwanamke, ila angalia upana. Na fundi viatu mwenye ngozi safi ataweza kukushonea kwa karatasi yako ileile. Wasukuma tangu zamani wamevaa katambuga zilizokatwa kwa kipimo cha nyayo za mvaaji, wala hakuna aliyeulizwa namba.

Ninyi akina baba, pamba ikisha kuuzwa nanyi mkafikiri zawadi, chukueni ile karatasi kwanza. Nanyi vijana, msimcheke dada yenu.

Mwalimu wetu yule alipimwa jioni moja na binti yake: sentimeta 27 kamili. Fundi akamshonea makubadhi meusi yenye ukanda. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa akiamkiana na watu, akawa wa mwisho kuondoka.