Mgawanyiko uko ndani ya nyumba moja: tusome vizuri yanayopita katika Bunge letu

Ndugu zetu wa Wamaza, wa Kasongo na wa Kabambare, habari za Kinshasa zinatufikia kwa radio na kwa simu, mara nyingi zikiwa nusu-nusu. Tunasikia kwamba mkubwa fulani ameanguka na mwingine amepanda, kisha watu wanajipanga chini ya mti: huyu anashangilia, yule analia. Leo tuchukue muda kidogo tuangalie namna watu hao wanavyopanda na wanavyoanguka, juu namna hiyo inagusa maisha yetu kuliko majina yenyewe.

Tuanze na jambo la karibuni. Tarehe 22 mwezi wa tisa 2025, Vital Kamerhe aliacha kiti cha spika wa Bunge la Taifa. Hakushindwa na upinzani. Upinzani katika Bunge hilo ni kikundi kidogo sana, kwa sababu muungano wa rais, Union sacrée, ulipata zaidi ya viti 400 kati ya 500 katika uchaguzi wa 2023. Waliotia sahihi karatasi za kutaka aondoke walikuwa watu wa upande wake mwenyewe. Kabla kura haijapigwa, yeye akajiuzulu. Tarehe 13 mwezi wa kumi na moja, wabunge wakamchagua Aimé Boji Sangara. Naye ni wa chama gani? Ni wa UNC, chama kilekile alichokianzisha Kamerhe. Mtu ameondolewa, kiti kimebaki kwa chama.

Aliyekuwa anafuata habari tangu 2024 hakushangaa sana. Mwezi wa nne mwaka ule, kabla ya Bunge kuchagua wakubwa wake, wabunge wa Union sacrée walifanya kwanza uchaguzi wa ndani ili wapate mgombea mmoja. Kamerhe alipata kura 183. Christophe Mboso, aliyekuwa spika, akapata 113. Modeste Bahati Lukwebo, aliyekuwa mkubwa wa Seneti, akapata 69. Jumlisha hizo mbili za mwisho: ni 182. Maana yake, ndani ya muungano uleule, waliomtaka Kamerhe walizidi wasiomtaka kwa kura moja tu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 mwezi wa tano, Bunge zima lilimchagua kwa kura 371, na watu wakapiga makofi. Lakini ile hesabu ya kwanza haikufutika. Miezi kumi na sita ikapita, nayo ikarudi.

Jambo tunalotaka kuwaonyesha ni hili. Tumezoea kufikiri kwamba Bunge limegawanyika kati ya wanaotawala na wanaopinga. Kwetu mgawanyiko wa kweli uko ndani ya upande mmoja, kati ya watu wanaokula kwenye meza moja. Na kwa kuwa hauko wazi, hauamuliwi mbele ya watu. Unaamuliwa usiku, katika hoteli na katika nyumba za wakubwa, na mchana sisi tunaonyeshwa hesabu iliyokwisha kupangwa.

Si jambo la leo

Kamerhe huyo huyo alikwisha kupita njia hii. Alikuwa spika mwaka 2006 mpaka 2009, wakati huo akiwa wa PPRD, chama cha rais Joseph Kabila. Mwezi wa kwanza 2009, askari wa Rwanda waliingia Kivu kwa operesheni ya pamoja na jeshi letu. Kamerhe akasema mbele ya radio kwamba yeye, spika wa Bunge, hakujulishwa. Chama chake kikakasirika. Tarehe 25 mwezi wa tatu 2009 akajiuzulu, Evariste Boshab akachukua nafasi. Swali alilouliza lilikuwa kubwa: je, Bunge linapaswa kujua majeshi ya kigeni yanapoingia katika inchi? Halikupata jibu. Lilifunikwa na ugomvi wa chama.

Sisi watu wa Maniema tunaukumbuka vizuri pia mwaka 2018. Emmanuel Ramazani Shadary, mtoto wa kwetu, ndiye aliyechaguliwa na Kabila kuwa mgombea wa FCC. Hakupata urais, lakini FCC ilipata zaidi ya viti 300 katika Bunge. Félix Tshisekedi akawa rais bila kuwa na wabunge wa kutosha. Basi pande mbili zikapatana kutawala pamoja. Mapatano yale yaliandikwa, watu wakatia sahihi, lakini raia hatukuwekewa maandishi yale mbele yetu tuyasome. Tuliambiwa tu kwamba kuna mapatano.

Nyufa zilianza kuonekana mapema. Mwezi wa saba 2019 Seneti ilichagua mkubwa wake. FCC ilimtaka Alexis Thambwe Mwamba, seneta wa Maniema. Bahati Lukwebo, aliyekuwa ndani ya FCC, akakataa kumwachia nafasi, akagombea. Thambwe akapata 65, Bahati 43. Bahati akatoka FCC, na kundi lake la AFDC likapasuka vipande viwili: wengine wakamfuata, wengine wakabaki FCC, kila upande ukisema ndio wenye jina la kweli.

Kisha ikafika mwisho wa 2020. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili, Tshisekedi akatangaza kwamba ule muungano umekwisha, na kwamba anatafuta wabunge wengi wapya. Kesho yake viti na meza vilirushwa katika Palais du Peuple. Tarehe 10, Bunge likapiga kura kumwondoa spika Jeanine Mabunda: 281 wakasema atoke, 200 wakasema abaki. Fanyeni hesabu wenyewe. Kundi lenye viti zaidi ya 300 limepata kura 200. Zaidi ya watu 100 waliochaguliwa chini ya jina moja walikuwa wamehamia jina lingine, hata uchaguzi haujafanyika, hata mwenye kura hajaulizwa. Mwezi wa kwanza 2021 waziri mkuu Ilunga Ilunkamba akaangushwa kwa kura 367. Mwezi wa pili Thambwe akaacha kiti cha Seneti, na mwezi wa tatu Bahati akakikalia, yule aliyeshindwa na kura 43.

Palikuwa na maneno mengi ya pesa wakati ule. Kila upande uliushtaki mwingine kununua watu. Sisi hatuwezi kuhukumu jambo ambalo hatukuliona. Lakini tuliona kwamba mwaka uleule wabunge waligawiwa magari mapya ya jip, na kukawa na mabishano marefu: ni mkopo, ni zawadi, ao ni haki yao? Jambo ambalo linahitaji kuelezwa hivyo mara nyingi halikutendwa mbele ya watu.

Sheria inasema nini

Wengine watauliza: je, sheria haikatazi? Katiba yetu ya 2006 inasema mambo mawili, na yote mawili yana maana yake. Kipengele cha 101 kinasema kwamba mbunge ni wa taifa zima, na hakuna anayeweza kumfunga kwa amri jinsi ya kupiga kura. Hiyo ni nzuri. Inamlinda mtu mwenye dhamiri asigeuzwe chombo cha mkubwa wa chama. Kipengele cha 110 kinasema kwamba mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi amehesabiwa kuwa ameacha na kiti chake. Hiyo pia ni nzuri. Inamlinda aliyepiga kura asiibiwe.

Shida ni kwamba wajanja wanapita katikati. Anabaki na kadi ya chama mfukoni, kwa hiyo hajaondoka. Anapiga kura na upande mwingine, kwa hiyo yuko huru. Chama nacho kinapasuka vipande viwili, na kila kipande kinashika jina. Nani amehama basi? Hakuna. Wote wako nyumbani, lakini nyumba imehama.

Tuseme haki: kupatana si dhambi. Hakuna bunge duniani linaloishi bila mapatano, na mbunge anaweza kubadili mawazo kwa sababu njema. Huko Ujerumani, karibu kila serikali inatokana na mapatano ya vyama visivyopendana. Lakini wao wanaandika kitabu kizima cha mambo watakayotenda, wanakichapisha, kila mtu anasoma. Mwaka 2018 chama kimoja, SPD, kiliwatumia wanachama wake wote karatasi ya kura ili waseme kama wanakubali ao hapana. Mapatano ya namna hiyo yanahusu kazi, nayo yanaonekana. Mapatano yetu yanahusu viti: wewe utapata wizara, yule atapata kampuni ya serikali, huyu ataacha nafasi. Barabara haimo ndani yake. Usalama haumo.

Kwa nini inatugusa sisi

Mtu wa Kabambare anaweza kusema: hayo ni ya Kinshasa. Hapana. Hesabu ya watu wachache inatutawala zaidi hapa kwetu. Gavana wetu hatumchagui sisi. Anachaguliwa Kindu na wabunge wa jimbo, watu wanaoweza kukaa wote katika chumba kimoja. Maseneta nao ni vilevile. Katika nyumba ndogo namna hiyo, watu wawili ao watatu wakigeuka usiku mmoja, jimbo zima linageuka nao. Ndiyo sababu magavana wa Kongo wanaishi kwa hofu ya hoja ya kuondolewa, na ndiyo sababu wengine wanatumia muda mwingi kuwatuliza wabunge kuliko kutembelea teritware.

Na isitokee mtu akasema ni mchezo tu. Mwaka 2007, katika jimbo la Bas-Congo, linaloitwa sasa Kongo Central, wabunge 29 walichagua gavana. Mgombea wa upande wa rais, Simon Mbatshi, alipata 15. Mwenzake Fuka Unzola 14. Watu waliamini kwamba wengi katika bunge lile walikuwa upande wa pili, na kwamba kura zilinunuliwa. Siku chache baadaye wafuasi wa Bundu dia Kongo wakaandamana Matadi, Boma na Moanda. Serikali ikatuma polisi na askari. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kura moja ilihesabiwa katika chumba, na makaburi yakachimbwa njiani.

Mwaka 2019, maseneta walipochaguliwa mwezi wa tatu, wafuasi wa UDPS waliingia barabarani kwa sababu wabunge wa jimbo wa chama chao wenyewe walikuwa wamewapigia watu wa FCC. Huko Mbuji-Mayi polisi mmoja aliuawa. Rais akasimamisha kwa muda kuingizwa kwa maseneta ili maneno ya rushwa yachunguzwe. Baadaye waliingia.

Sasa tuangalie kwetu. Salamabila ina dhahabu, mgodi wa Namoya unajulikana hata ng'ambo. Lakini watu wa Salamabila wameishi miaka mingi kati ya Mai-Mai Malaika na askari, wakikimbia na kurudi. Jambo kama hilo linahitaji mbunge anayesimama na kuuliza serikali mwaka mzima bila kuchoka: mkataba uko wapi, pesa za jamii ziko wapi, vijana waliobeba silaha watafanya nini? Mbunge aliyeuza kura yake hawezi kuuliza. Amekwisha kulipwa ili anyamaze. Hiyo ndiyo hasara kubwa, na haiandikwi katika gazeti lolote.

Na sisi wa makanisa

Tusijitoe katika habari hii kana kwamba tuko safi. Mwaka 2021, wakubwa wa dini nane walipaswa kupatana juu ya mtu wa kuongoza tume ya uchaguzi, CENI. Sita walimpitisha Denis Kadima. Wakatoliki na sisi Waprotestanti wa ECC tukakataa, tukisema kuna mashinikizo. Miezi ilipita katika mabishano, na mwishoni Bunge likawafuata wale sita. Raia waliona nini? Waliona wachungaji na mapadri na maimamu wakigawanyika kama vyama. Na katika mikutano yetu wenyewe, tunapochagua viongozi, je, hakuna karamu za usiku? Hakuna bahasha? Kila mmoja ajijibu.

Tunakumbuka mzee Samweli, alipokuwa anamaliza kazi yake. Hakuwaaga wakubwa peke yao ndani ya hema. Alisimama mbele ya watu wote akawauliza kama kuna aliyenyang'anywa ng'ombe ao punda naye, kama alipokea kitu kwa mkono wa mtu ili afumbe macho. Watu wakajibu mbele yake.

Basi, mbunge wenu anaporudi kwa likizo ya Bunge, Katiba inamtaka awe wa taifa zima, lakini heshima inamtaka apite nyumbani. Asipokelewe kwa ngoma tu. Mkaribisheni, mpeni kiti na maji, kisha baba mmoja ao mama mmoja asimame na kuuliza kwa adabu: siku ile ya kura ulikuwa upande gani, na kwa sababu gani? Ulipohama, ulituuliza? Ulipohama, Kabambare ilipata nini? Andikeni majibu yake katika daftari ya kijiji, na tarehe. Mwaka 2028 utakapofika, msomeni daftari hiyo kabla hamjashika karatasi ya kura.