Gari Lililofanyiwa Mtihani Hadharani

Katika Eldoret, mji ambao magari yaliyotumika Japani hufika kwa wingi, sedani za zamani zenye asili ya mashindano bado zinatafutwa, zinatunzwa na kuuzwa kwa bei isiyolingana na umri wake. Sedani ni gari dogo lenye buti iliyotengwa na sehemu ya abiria. Sedani ya kimichezo ni ile iliyopewa injini, breki na springi za kustahimili mwendo wa kasi bila familia kunyimwa nafasi ya kukaa wala mahali pa kuwekea mizigo. Mvuto wa gari hilo huelezwa mara nyingi kwa lugha ya hisia, kwamba mtu hulipenda kwa kuwa baba au mjomba wake alikuwa nalo. Hisia hizo ni za kweli na hazistahili kubezwa, lakini hazitoshi, kwani wapo vijana wanaozitafuta sedani hizo ilhali hawakuzikuta nyumbani kwao. Hoja inayofungua toleo hili ni kwamba ubora wa gari hilo ulithibitishwa mbele ya macho ya watu, katika barabara walizozijua, na kwamba mwenye gari na fundi wake waliweza kuuelewa ubora huo na kuutunza kwa mikono yao.

Mtihani wenyewe ulikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kupitishwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mwanzo yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, utaratibu unaoonyesha kwamba waandalizi walikuwa wakimfikiria mnunuzi tangu siku ya kwanza. Kwa takriban nusu karne barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano, kwa hiyo dereva alilazimika kupishana na malori, mabasi na mifugo, na kwa kuwa kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, ambayo huangukia karibu na masika, vumbi la asubuhi liliweza kugeuka tope la kumeza magurudumu kabla ya jioni.

Orodha ya washindi wa kipindi hicho inastahili kusomwa polepole. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano mengine. Peugeot 404, sedani ya milango minne iliyokuwa ikiwabeba maafisa, walimu na wafanyabiashara kote Afrika Mashariki, ilishinda mara nne: mwaka wa 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki, na mwaka wa 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mwaka wa 1970 zamu ilikuwa ya Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann, gari la bei ya wastani lililokuwa na springi huru nyuma, yaani kila gurudumu liliweza kupanda na kushuka bila kulivuta lile la upande wa pili. Ove Andersson naye alishinda mwaka wa 1975 kwa Peugeot 504, na mtazamaji aliyesimama kando ya barabara siku hiyo angeweza kuona umbo lilo hilo limeegeshwa mbele ya ofisi ya serikali siku ya kazi iliyofuata.

Ufanano huo ulilindwa na kanuni. Ili gari likubaliwe kushindana katika daraja fulani, kiwanda kilitakiwa kuthibitisha kwamba kimetengeneza idadi maalumu ya magari ya aina hiyo kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida. Katika daraja lililojulikana kama Kundi A, idadi hiyo iliwekwa kuwa magari 5,000 katika miezi 12, kisha ikapunguzwa hadi 2,500. Kanuni hiyo ndiyo iliyowasukuma watengenezaji wa Japani kuuza sedani kama Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, na mwaka wa 1996, Tommi Mäkinen aliposhinda Safari kwa Lancer huku Impreza ya Kenneth Eriksson ikiwa ya pili, magari hayo mawili yalikuwa na ndugu zake madukani. Leo mambo ni tofauti. Safari ilirejeshwa katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, na tangu 2022 magari ya daraja la juu hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma na kufunikwa kwa bodi inayofanana tu na ya gari la barabarani. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, lakini ushindi wake haumwambii mkazi wa Eldoret lolote kuhusu gari atakalolinunua.

Jiografia ya eneo hili inaipa hoja hiyo uzito ambao mwandishi wa Ulaya asingeufikiria. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, injini ya kawaida inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake. Injini yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na ndiyo sababu Subaru yenye tabo ikipanda kuelekea Timboroa huonyesha tofauti ambayo dereva wa Mombasa hawezi kuihisi kwa kiwango hichohicho. Iten, nayo, imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, na barabara ya kuteremka kupitia Tambach hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa kona zinazofuatana, kiasi kwamba breki, usukani na uzito wa gari uliokaa chini huacha kuwa maneno ya vitabu vya mauzo.

Hata hivyo, kasi peke yake isingeyaweka magari haya hai. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi mwaka wa 2004, miongo miwili baada ya kuachwa Ulaya, na jamaa yake, pikapu ya 504, ilikuwa mnyama wa kazi wa wakulima wa mahindi na maziwa wa Uasin Gishu, huku ile ndefu ya safu tatu za viti ikisafirisha abiria kati ya miji. Kutokana na wingi huo, maarifa yalienea katika kila gereji ya jua kali. Fundi alijua kwamba kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, humwaga petroli ya kupita kiasi kwenye mwinuko wa Eldoret, na kwamba dawa yake ni kubadilisha jeti, yaani kijitundu cha kupitishia petroli, na kuweka nyembamba zaidi. Alisikia kosa la plagi kwa sikio na kulinusa tatizo la klachi. Katika gari la kisasa maamuzi kama hayo hufanywa na kompyuta, ambayo fundi huisoma kwa mashine ya kupimia na wakati mwingine haruhusiwi kuifungua bila idhini ya kiwanda. Umiliki unaoishia kwenye mlango wa programu iliyofungwa ni umiliki pungufu, na watu wanautambua upungufu huo hata wasipoutaja.

Uaminifu unadai kukiri kwamba gari jipya linalishinda la zamani katika mambo mazito. Mifuko ya hewa, breki zisizojifunga na mifumo ya kuzuia gari kuserereka huokoa maisha, na hakuna ushindi wa Pasaka yoyote unaoweza kuwekwa kwenye mizani na maisha hayo. Injini mpya pia hutumia petroli kidogo na kutoa moshi kidogo. Familia inayohitaji gari moja la kila siku ina haki kamili ya kuchagua jipya. Kinachodaiwa hapa ni kwamba usalama na ubanaji wa petroli havikuhitaji kuja pamoja na gari lisilofunguka, na kwamba uamuzi wa kulifunga ulikuwa wa kibiashara.

Kuna haraka katika jambo hili. Chini ya kiwango cha KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa ikiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Sababu za kanuni hiyo zinaeleweka, lakini matokeo yake ni kwamba akiba ya sedani za zamani imefungwa: zilizopo ndizo hizo, na kila moja inayovunjwavunjwa kwa ajili ya spea haina wa kuchukua nafasi yake. Mafundi waliozijua zikiwa mpya nao wanazeeka, na sehemu kubwa ya maarifa yao haijawahi kuandikwa. Kwa sababu hiyo makala za toleo hili zimepangwa zikianzia gerejini: vipimo vya jeti vinavyofaa mwinuko wa nyanda za juu, namna ya kuzifanya upya bushi za springi za nyuma za 504, na jinsi ya kutambua mapema tabo inayovuja oili. Historia ya madereva imewekwa nyuma yake.