Sabuni Inayoogopa Dhahabu: Barua ya Wazi kwa TBS

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania.

YAH: SABUNI ZA KUNG'ARISHA USO MADUKANI HANDENI NA KOROGWE

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tangu Julai 2019, Sheria ya Fedha ilipovitoa vipodozi mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) na kuvikabidhi kwenu, suala la nini kipakwe usoni na nini kisipakwe ni lenu. Nakuandikia kutoka Korogwe, ninakofundisha kemia sekondari. Sikuandikii juu ya krimu za mkorogo, maana hizo zimeshapigiwa kelele sana. Hoja yangu ni sabuni ya kuoshea uso, ya kipande au ya maji, ile inayoahidi kung'arisha, kutakatisha na kuondoa madoa. Hiyo huonekana haina neno. Mtu anajua amenawa tu.

Huku kwetu mkoa wa Tanga bibi arusi alisingwa kwa singo na liwa, na aliyemsinga alijua kila kilichotiwa kwenye kinu. Leo chupa inapanda kutoka Dar es Salaam au Tanga mjini, inaishia kwenye duka la vipodozi Manundu au kwenye meza ya muuzaji pale Chanika, Handeni. Anayeiuza hajui kilichomo, na anayeinunua naye hajui.

Wapo watakaosema mnunuzi asome lebo. Naam, asome, na baadhi ya lebo zinasomeka vizuri. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Ukikuta niasinamaidi, vitamini C au gliserini, hapo hakuna kubwa la kutisha. Asidi ya koji inahitaji kipimo: Ulaya sasa wanairuhusu usoni isizidi asilimia moja. Asidi za matunda hulainisha ngozi ya juu na kuifanya iungue upesi kwa jua, na jua la Handeni sina haja ya kukusimulia. Manukato makali na salfeti zinazotoa povu jingi huwasumbua wenye ngozi kavu, ila haziui figo.

Kinachoua figo mara nyingi hakiandikwi. Hicho ndicho kiini cha barua hii.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana inang'arisha upesi kuliko niasinamaidi. Ni marufuku nchini, sambamba na haidrokwinoni na steroidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu moja kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata hicho kiwango, ili ifikapo 2025 pasiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sabuni za kung'arisha zenye zebaki huwa na iodidi ya zebaki ya asilimia moja hadi tatu, na kwamba mara nyingi huuzwa kama sabuni za kuua vijidudu. Nimewapa wanafunzi wangu hesabu hiyo ubaoni: karibu asilimia 44 ya uzito wa iodidi hiyo ni zebaki yenyewe, kwa hiyo hata sabuni ya asilimia moja ina zaidi ya miligramu 4,000 kwa kilo.

Shirika hilohilo linataja dalili moja ambayo mtu wa Handeni angeielewa kabla ya profesa. Baadhi ya bidhaa hizi huja na onyo kwamba zisigusane na fedha, dhahabu, aluminiamu wala vito. Kwa nini sabuni ya uso imwogope mwenye pete? Muulize mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Magambazi, Handeni. Yeye humwaga zebaki kwenye mchanga uliosagwa kwa sababu inaikamata dhahabu na kushikamana nayo. Kisha huichoma, zebaki ikapaa hewani, dhahabu ikabaki. Kwa miaka sasa wachimbaji wanaelimishwa kuhusu moshi ule. Halafu mke wa mchimbaji huyohuyo anaweza kununua madini yaleyale dukani, yakiwa na harufu ya limau, akajipaka.

Nimesikia hoja kwamba sabuni husuuzwa, haikai. Ni kweli kwamba kinachosuuzwa upesi hupenya kidogo. Lakini wapo wanaoacha povu likauke usoni ili "lifanye kazi", na wapo wanaoogea mwili mzima asubuhi na jioni. Hata kinachosuuzwa kina pa kwenda. Majitaka ya mji huu yana mto jirani, nao ni Pangani.

Madhara haya hatukuyasikia jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza uchunguzi wa watu wazima 60 waliougua figo katika Hospitali ya Kenyatta: zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mwaka 1976 Ulaya ikaipiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vyake. Sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa kule ili ziletwe Afrika, na usafirishaji huo ulikuja kukatazwa rasmi mwaka 2003. Miaka 27! Nayataja haya ili tusitegemee maandishi ya "imetengenezwa Ulaya" kama kinga.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, tunasikia taarifa za shehena za vipodozi zikiteketezwa, na tunashukuru. Ila shehena ni ya bandarini na ya maghalani. Njia za panya hazina ghala, na mteja wa gulio hapati taarifa hiyo. Tunachohitaji huku ni kupima. Kipo kifaa cha mkononi kinachotumia eksirei, kinachoonyesha zebaki kwenye kopo kwa dakika chache bila maabara. Kifikishwe Korogwe na Handeni siku za gulio, mkiwa na maafisa afya wa halmashauri, kipime kila chupa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Haidrokwinoni na steroidi kifaa hicho hakizioni, hivyo sampuli zichukuliwe zipelekwe maabara yenu, na majibu yarudi hukuhuku kwa majina ya bidhaa, kwa Kiswahili, yabandikwe stendi, sokoni na kliniki ya mama na mtoto. Kliniki hasa, kwa kuwa zebaki humfikia mtoto tumboni.

Muuzaji mdogo msianze kumpiga faini. Mchukulieni bidhaa, mwulizeni alikoitoa, mkafuate huko. Mara nyingi naye anaitumia.

Naomba ratiba ya upimaji wa Handeni na Korogwe itangazwe mapema, ili mwenye chupa yake nyumbani aje nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kemia, Korogwe.